Waya Mweusi wa Darini

Mtaa ulimbatiza jina la Adapta hata wiki mbili hazijatimia tangu arudi. Alikuwa amefanya kazi ya umeme ng'ambo miaka kumi na tisa, akarejea na masanduku matatu: moja la nguo na zawadi, mawili ya vifaa. Miongoni mwa zawadi hizo ilikuwamo mashine ya kukausha nywele, ya mpwa wake, binti wa dada yake. Alimkabidhi akimwonya asiichomeke kwanza. Mpwa alitazama plagi, akaona ina vijino viwili bapa ambavyo haviingii kwenye soketi za nyumbani, akaenda dukani akanunua adapta ya kuvishia, akachomeka. Mashine ilivuma kama inataka kuruka na paa, ikatema moshi, ikanuka manyoya yaliyoungua, kisha kimya.

"Lakini imeingia vizuri kabisa," mpwa alilalamika.

"Imeingia, ndiyo," mjomba wake alimjibu. "Adapta inabadilisha meno, haibadilishi chakula. Kule ukutani kuna volti mia na ishirini, hapa mia mbili na arobaini. Umemlisha mtoto mchanga sahani ya mbeba mizigo."

Maneno hayo yalizunguka mtaani kabla ya jua kuzama. Tangu hapo kila mwenye ndugu nje alimletea kifaa chake: pasi, blenda, mashine za kunyolea, birika, hata kitanda cha kukanda mgongo. Wengine aliwakatia plagi na kuwafungia nyingine, wengine aliwaambia ukweli kwamba bila transfoma ya kupunguza volti kifaa chao ni pambo la kabatini. Alipenda kuulizwa. Mtu aliyeondoka kijana akarudi na mvi, hana mke wala mtoto, ni jambo kubwa kwake kukuta bado kuna kitu ambacho watu wanamtegemea.

Aliyemfurahia kuliko wote ni dada yake. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na mama alipofariki, dada ndiye aliyemlea yeye. Alikuwa mshonaji, na ubavuni mwa nyumba yake alikuwa amejenga chumba kirefu cha kufundishia ushonaji: vyerehani vinane vya umeme, meza mbili za kukatia, wanafunzi kumi na wawili. Chumba kilipopauliwa, fundi umeme wa mtaa alikuja kuuliza kazi. Huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, ambaye wote walimwita Ngazi kwa sababu hakuonekana njiani bila ngazi ya mbao begani.

"Mwanangu, niachie hii," Adapta alimwambia kwa upole. "Ni zawadi yangu kwa dada."

"Hakuna neno, mzee wangu," Ngazi akasema, akaihamishia ngazi bega la pili, akaenda zake.

Soketi za ukutani alizifunga kwa nyaya alizonunua duka la hapo hapo. Ila taa za darini alitaka zipate kilicho bora. Katika sanduku lake alikuwa na roli la waya alilokuja nalo, mita mia, shaba laini inayopinda bila kinyongo, ndani yake nyuzi tatu: mweusi, mweupe na wa kijani. Kwa sheria za nchi ile mweusi ndio wenye moto na mweupe ni nyutro, ule wa kurudisha. Hapa nyumbani, tangu alipokuwa anajifunza kazi, wenye moto ni mwekundu na mweusi ndio nyutro. Wa kijani ni wa ardhi kote kote. Alizijua sheria zote mbili kama anavyoijua mikono yake miwili, na kwa kuwa alizijua, hakuona haja ya kuweka alama. Alifunga kila kitu sawasawa, kwa kanuni ya kule. Taa ziliwaka, wanafunzi wakapiga makofi, dada akatokwa na machozi. Miezi minne ikapita.

Jumatano moja, yapata saa nne asubuhi, Adapta alikuwa kwa kinyozi, amefungua tumbo la mashine ya kunyolea iliyoletwa kutoka ng'ambo. Kinyozi alikuwa amemwinamia begani, anafuatilia.

"Huu mweusi ndio usio na moto, siyo?" kinyozi aliuliza.

"Hii ni ya kule. Kule mweusi ndio unaoua."

Kinyozi akacheka. "Basi mimi kule ningeshazikwa. Kwa jinsi nilivyozoea, ningeushika bila wasiwasi."

Bisibisi ya Adapta ilisimama. Alikuwa amekumbuka jambo alilosikia jana yake wakati wa chakula, dada akisema huku anajipepea na kipande cha kitambaa: chumba kina joto, nimempa Ngazi kazi ya kufunga feni, atakuja kesho asubuhi. Yeye alikuwa ameitikia tu, mdomo umejaa.

Alichukua simu akampigia dada. Ikaita mpaka ikakatika. Vyerehani vinane vikinguruma kwa pamoja, hata mvua ya mawe haisikiki mle ndani. Akampigia tena. Akampigia Ngazi. Nayo ikaita, ikaita.

"Vipi, mzee?" kinyozi aliuliza.

"Narudi," alisema, akatoka na bisibisi mkononi.

Haikuwa mbali, mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye magoti mazima. Ya kwake hayakuwa mazima. Alipita mbele ya duka la vioo, akapita wanaopakia magodoro, mtu akamsalimia kwa jina naye hakugeuka. Njia nzima alijihubiria. Ngazi si mjinga. Atazima meni swichi, ile inayokata umeme wote, kabla ya kupanda. Hata asipozima, atapima. Ana testa mfukoni, ile bisibisi ya kitaa kidogo ndani ya mpini, hakuna fundi asiyekuwa nayo. Atapima, kitaa kitawaka, ataujua. Alisema hayo mara tatu, mara nne, na kila mara sauti nyingine ndani yake ikauliza: atapima upi?

Alipokata kona ya mwisho alitega sikio. Kwa kawaida kutoka pale unasikia ngurumo za vyerehani. Hakusikia kitu. Akasahau magoti, akakimbia.

Mlangoni wanafunzi walikuwa wamesongamana. Ngazi alilala sakafuni kati ya meza mbili, kichwa kwenye mapaja ya dada, na mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Ngazi ya mbao imeangukia juu ya cherehani. Macho yake yalikuwa wazi.

"Anapumua," dada alisema, kama anayemjibu mtu. "Anapumua, anaongea."

"Nilipima," Ngazi akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe kama chaki. "Nilipima mimi."

Adapta alikwenda kwenye meni swichi, akazima. Hilo alilifanya bila kufikiri. Ndipo alipoinua macho. Kifuniko cha boksi la maungio darini kilikuwa kimefunguliwa, na nyaya tatu nyeusi zilizosokotwa pamoja zilining'inia, kofia yao ya plastiki imeshavuliwa. Nyeupe zilikaa kando, zimenyooka, salama salimini. Alielewa kila kitu kana kwamba alikuwapo.

Seremala wa jirani alileta gari lake la kubebea mbao. Wakamlaza Ngazi juu ya godoro nyuma, dada upande huu, Adapta upande ule, wakashika njia ya hospitali.

Walikaa kwenye benchi la mbao ukumbini mpaka alasiri. Muuguzi alitoka mara mbili. Mara ya kwanza alisema mkono umevunjika sehemu mbili na vidole viwili vimeungua. Mara ya pili alisema moyo wake ulipata mshtuko, unapigapiga ovyo, watauangalia kwa mashine mpaka kesho. Adapta aliuliza, "Lakini atapona?" Muuguzi akamjibu kwamba watauangalia mpaka kesho.

Mama yake Ngazi alifika, mwanamke mnene mwenye kanga iliyofungwa haraka haraka, akasimama mbele yao akihema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu ilikuwaje. Dada akajaribu kueleza, na seremala, ambaye alikuwa mtu mwema asiyejua kunyamaza, akadakia.

"Ndiyo kazi hizi, mama. Fundi hatakiwi kushika waya bila kupima. Sekunde moja tu ya kusahau."

"Nimemwambia," mama alisema, akaketi pembeni ya Adapta. "Nimemwambia mara ngapi. Mwanamke na nguzo za umeme wapi na wapi. Hakuna anayenisikia." Kisha akamgeukia Adapta kwa heshima. "Wewe baba ni mtaalamu, umefanya kazi mpaka nje. Hivi si ni uzembe huu?"

Adapta alitazama mlango wa wodi. Alisema, "Tungoje apone kwanza, mama." Yule mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ndiyo.

Saa tisa waliruhusiwa kuingia, wawili wawili. Adapta aliingia na mama mtu, lakini mama aliitwa nje na muuguzi kujaza fomu, akabaki yeye na mgonjwa na mashine iliyokuwa ikilia ti, ti, kisha kukosea, kisha ti. Ngazi alimwangalia.

"Mzee, nikuulize wewe ambaye ni mtu wa kazi," alisema polepole. "Swichi ya taa niliizima. Meni sikuzima kwa sababu vyerehani vilikuwa kazini. Nikafungua boksi, nikakuta nyaya nyeupe na nyeusi. Nikasema huyu alikosa mwekundu, ameweka mweupe mahali pake. Nikaupima mweupe. Testa haikuwaka. Nikasema basi, moto haupo. Nikazishika zile nyeusi."

"Pumzika, mwanangu."

"Mweusi unanipigaje, mzee? Kazi yangu mwaka wa kumi na moja huu." Alitazama vidole vyake vilivyofungwa bandeji. "Au sikupima. Labda nilifikiri tu kwamba nimepima. Siku hizi nalala vibaya. Labda kweli sikupima."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mama akaingia na fomu, na Adapta akasimama kumpisha kiti, akatoka nje, akajikuta anaegemea ukuta wa korido.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, dada alimpa taarifa: kampuni ya umeme imepata habari, mkaguzi atakuja kesho saa tatu kuangalia chumba. Alisema hivyo huku anakunja godoro la seremala ili alirudishe, akatoka nalo.

Adapta aliingia kwenye chumba cha vyerehani peke yake. Alisimama chini ya lile boksi. Katika mfuko wa shati alikuwa na utepe wa umeme, mwekundu. Hakukumbuka aliuweka saa ngapi.

Ilikuwa kazi ndogo. Utepe mwekundu ukizungushwa kwenye ncha za zile nyaya nyeusi, basi kwa sheria ya hapa zinahesabiwa nyekundu. Mkaguzi angepanda, angeona alama, angeandika kwamba fundi aliyefunga alifanya vema, na fundi aliyeshika hakutazama. Ngazi mwenyewe ameshaanza kuamini. Mama yake ameshaamini. Nani angeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia?

Alisimamisha ngazi, akapanda. Utepe ulimganda vibaya mara mbili, akaubandua, akaanza upya. Alizungusha waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa anakata ncha kwa meno aliposikia kandambili za dada mlangoni.

"Uko juu unafanya nini?"

"Naangalia."

"Angalia," dada alisema. "Wewe ndiye unayejua." Aliketi kwenye kiti cha cherehani kilichoangukiwa na ngazi, akaanza kuokota pini zilizomwagika mezani, moja moja, anazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Nimepitia kwa mama yake Ngazi. Nimemwambia mimi ndiye niliyemkataza mwanawe asizime meni. Alitaka kuzima, nikamwambia wanafunzi wana mtihani Ijumaa, fanya hivyo hivyo, swichi ya taa si inatosha? Nimemwambia yote. Nilidhani atanifukuza."

"Amesemaje?"

"Amelia. Nami nikalia. Kisha akanipa maji ya kunywa." Alichomeka pini nyingine. "Usiku wa leo angalau nitajaribu kufumba macho."

Adapta alikaa kule juu ya ngazi, mkono mmoja darini. Huyu dada alikuwa amekwenda kwa miguu yake kwa watu aliowakosea, kwa kosa ambalo ni robo ya kosa la kaka yake. Alishuka kipandio kimoja, akasimama, akashuka kingine, akakaa kwenye kipandio cha chini kabisa.

"Dada, waya uliompiga ni wangu."

Alimweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele: rangi za kule, rangi za hapa, roli la mita mia, kwa nini Ngazi alipima na hakuona kitu. Alimalizia na utepe mwekundu. Dada aliacha kuokota pini. Hakumwangalia usoni, alitazama darini, pale utepe ulipong'aa.

"Kwa hiyo yule mtoto alipima," alisema.

"Alipima."

"Na wewe umekaa naye hospitali anakuuliza."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa anavuta ndoo kisimani na kapi linalia.

"Panda ukabandue," dada akasema mwishowe. "Usibakishe hata kipande. Na kesho saa moja uwe hospitali, kabla ya mkaguzi, kabla ya mtu yeyote. Mimi sitakusindikiza."

Saa moja kamili alikuwa mlangoni mwa wodi. Usingizi hakuuona. Alipita foleni ya wanaobeba chupa za uji akiwa na hofu mbili zinazogombana: hofu ya kumkuta Ngazi mzima na hofu ya kutomkuta. Alimkuta ameegemezwa mto, mkono una plasta mpaka begani, mashine imeondolewa. Moyo umetulia alfajiri, mama alisema, Mungu mkubwa. Adapta alibaki amesimama.

"Ulipima," alimwambia Ngazi. "Wala hukukosea. Mimi nilifunga taa zile kwa waya wa kule, na kule mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio nyutro. Sikuweka alama. Ulipoupima mweupe ulipima nyutro, ndiyo sababu testa haikuwaka. Jana nilikuwa najua. Uliponiuliza, nilikuwa najua."

Ngazi alifumba macho. Chozi likamtoka pembeni likaingia sikioni, na Adapta akainamisha kichwa akingoja matusi aliyostahili.

"Kwa hiyo nilipima," Ngazi alisema.

"Sawasawa kabisa."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," mama alisema. Alikuwa ameinuka kitini. Alimtazama Adapta kwa muda, kifua kinapanda na kushuka, na uso wake haukuwa na heshima ile ya jana. "Na jana pale benchini nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukaniacha nimtukane mwanangu."

Yule mama hakungoja jibu. Alichukua chupa ya chai akatoka kwenda kuijaza, au kwenda kulia, hakuna aliyejua. Ngazi alikuwa anatazama dari. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Roli lilikuwa mita ngapi?"

"Mia."

"Kwa dada yako zimeingia ngapi?"

"Arobaini na kitu. Hamsini haifiki."

"Nyingine ziko wapi?"

Adapta akaanza kuhesabu kwa vidole. Usiku kucha alikuwa amefikiria aibu yake, hakufikiria hilo hata kidogo. Kwa kinyozi, alisema. Barazani kwa mwalimu mstaafu. Jikoni kwa mwoka mikate. Na kwingine, vipande vipande, mahali ambapo watu walimwita kumalizia kitu kidogo.

"Wapigie wote sasa hivi," Ngazi alisema. "Waambie mtu asiguse kitu."

Alipiga simu zote akiwa koridoni. Mwalimu mstaafu hakupokea. Akapiga tena, na tena, na safari hii mguu wake ulikuwa umeshaanza kwenda. Alimkuta mzee huyo barazani, amepanda juu ya stuli, miwani puani, holda ya taa imefunguliwa nusu.

"Shikamoo mwalimu. Shuka," Adapta alisema, pumzi zikiwa zimemwishia.

"Marahaba. Usijali, swichi nimezima."

"Shuka, tafadhali."

Mwalimu alishuka kwa kunung'unika. Adapta alizima meni, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Mwalimu alimletea maji bila kuuliza.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi asiyetabasamu. Alisikiliza, aliandika kurasa mbili, akakata umeme wa chumba. Alimwambia Adapta kwamba miaka kumi na tisa ya kule ni ya kule: hapa asiguse ukuta wa mtu mpaka afanye mtihani wa nchi hii apate leseni, na hadi hapo akifanya kazi, awe chini ya fundi mwenye leseni. Katika mtaa ule fundi mwenye leseni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na plasta mpaka begani.

Ngazi alifikiria siku tatu kama atamchukua Adapta chini yake. Mama yake alipinga zote tatu. Siku ya nne alikuja chumba cha vyerehani, akavuta kiti katikati, akaketi kama hakimu.

"Toa waya wako wote," alisema.

Adapta alitoa wote. Alivuta nyaya zake nzuri laini kutoka darini, akapitisha nyekundu na nyeusi za dukani, Ngazi akimwelekeza kwa kidevu. Alimrudisha mara kwa mara. Hapa umekaza mno, mzee. Hapa umelegeza. Kule kwenu hawafundishi kukunja ncha? Wanafunzi walikuwa wanachungulia dirishani, wanaziba midomo kwa mikono, maana hawajawahi kumwona Adapta akifundishwa. Yeye mwenyewe hakuona ucheshi wowote. Kila alipomaliza boksi moja alipima, akapima tena, akashuka kuhakikisha meni imezimwa, akapanda, akapima. Kazi ya siku moja ilichukua siku tatu.

Siku umeme uliporudishwa, dada alisimama mbali na swichi, mikono kifuani. Ngazi alisema, "Washa." Adapta akasema, "Subiri kidogo," akaenda kupima tena. Aliporudi, Ngazi mwenyewe alinyoosha mkono wake wa kushoto, akawasha. Vyerehani vikanguruma. Hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya hapo walikwenda kwa kinyozi, kwa mwalimu, kwa mwoka mikate. Kila waya walioutoa waliurudisha uani kwa dada. Ulipokwisha kukusanywa wakaunyoosha ardhini, dada akaleta utepe wake wa kupimia nguo, wakaanza kupima, kipande baada ya kipande, mpaka vile vya urefu wa kidole. Walipata mita tisini na nne.

"Nyingine ni za kukatakata," Adapta alisema. "Zimekwenda na taka."

"Takataka za mita sita?" Ngazi alisema.

Alijaribu kukumbuka. Alilala nazo, akaamka nazo. Mtu fulani alimsimamisha njiani, labda mwezi wa pili tangu arudi, akamwomba amwongezee taa ya uani. Au ilikuwa soketi ya friji. Alikumbuka mlango wa bati na mbwa aliyefungwa, lakini milango ya bati ni mingi.

Mkono wa Ngazi ulifunguliwa wiki ya tisa. Vidole viwili havikurudi kama zamani, ncha zake hazihisi moto wala baridi, na ngazi sasa huibeba bega la kushoto. Adapta alifanya mtihani wa leseni pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Mara ya kwanza alishindwa swali la rangi, kwa kuwa aliandika majibu ya nchi mbili. Mara ya pili alifaulu.

Jumamosi yeye na Ngazi hawachukui kazi. Hutembea nyumba kwa nyumba, wote wawili, mtaa baada ya mtaa. Wiki hii walibisha mlango wa bati nyuma ya kiwanda cha matofali. Mama mmoja alifungua, mikono ina unga.

"Samahani, mama," Adapta alisema. "Uliwahi kufungiwa taa na mzee kama mimi?"

Yule mama alimtazama vizuri, kisha akamtazama Ngazi. Alisema hakumbuki, mume wake ndiye aliyeshughulika, naye yuko safarini. Taa ya uani ipo, inawaka vizuri, haina tatizo lolote.

"Tunaomba tuione," Ngazi alisema.

Kulikuwa na mbwa, amefungwa. Adapta alimtazama yule mbwa, akautazama tena mlango wa bati. Aliuliza meni swichi iko wapi, akaizima kwa mkono wake, akarudi. Ngazi alikuwa ameshasimamisha ngazi chini ya taa na kuishika kwa mikono miwili. Adapta akapanda.